Winchi ya umeme au ya haidroliki: nguvu inatoka wapi, na utavuta dakika ngapi

Hotuba kwa madereva, mafundi na wenye magari, Dodoma, kabla ya mvua

Ndugu madereva, ndugu mafundi, na nyinyi wenye magari mliofunga safari kutoka Bahi, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, mbukwenyi.

Mvua zetu ni za msimu mmoja. Zinaanza Desemba, zinakata Aprili, na kwa mwaka wa kawaida Dodoma inapata kati ya milimita 500 na 600 hivi. Mgeni akisikia hivyo anadhani huku hakuna tope. Mwenyeji anajua kwamba maji hayo machache hushuka kwa kishindo: korongo ulilolivuka asubuhi likiwa kavu linanguruma jioni, na mbuga ya Bahi inageuka uji mweusi unaomeza tairi hadi ekseli. Ndiyo maana kila Novemba swali lile lile kuhusu winchi, ile mashine ya kwenye bampa inayokunja waya ili kulitoa gari lililonasa, linarudi gereji: nifunge ya umeme au ya haidroliki, yaani ya presha ya oili?

Kwa kawaida watu hulijibu kwa kubishana ipi ina nguvu zaidi. Ubishi huo haufiki popote, kwa sababu zote mbili zinauzwa zikiwa zimeandikwa kilo zile zile ubavuni. Waya unavutwa na ngoma, ngoma inazungushwa na gia, na gia hazijali zinasukumwa na umeme au na oili. Cha kuuliza ni mambo mawili: nguvu yenyewe inatoka wapi ndani ya gari lako, na kazi yako inakudai uvute kwa dakika ngapi mfululizo. Ukishayajibu hayo, uchaguzi unakuwa umekwisha nusu.

Tuanze na umeme, maana ndiyo iliyo kwenye bampa nyingi.

Winchi ya volti 12 ya kilo 4,300, ile inayoandikwa paundi 9,500, ikizunguka bila mzigo inakula ampea 60 hadi 80. Mzigo ukifika nusu inakula karibu 250, na ukifika mwisho wake inapita 400. Alteneta za magari mengi tunayoendesha zinatoa ampea 80 hadi 130 injini ikizunguka vizuri, na ikiwa sailensa, yaani ikizunguka polepole bila kukanyagwa mafuta, zinatoa pungufu ya hapo. Pengo lote linabaki mgongoni mwa betri.

Tupige hesabu. Unavuta kwa ampea 350, alteneta inachangia 80, betri inabeba 270. Dakika 5 za kazi hiyo zinaondoa kwenye betri karibu ampea-saa 22. Betri nzima ya ampea-saa 70 itazitoa, lakini usiitegemee ikupe kiasi hicho mara tatu mfululizo, kwa sababu betri inayonyonywa kwa kasi hiyo haitoi uwezo wote ulioandikwa juu yake. Na kuzirudisha hizo 22, kama alteneta imebakiwa na ampea 40 za kuchaji, ni zaidi ya nusu saa ya injini kuunguruma umesimama.

Mota nayo ina mpaka wake. Chini ya mzigo mzito, nusu au zaidi ya umeme unaoingia unageuka joto, na mota ile imefungwa ndani ya kopo la chuma lisilo na feni. Vuta dakika moja, simamisha, gusa kopo kwa kiganja. Ukishindwa kukiacha kiganja pale, winchi inakuomba upumzike. Anayepuuza anaunguza vanishi ya waya wa ndani, na harufu yake mafundi wa stata mnaijua.

Hata hivyo tazameni kazi yenyewe. Gari lililonasa mbugani mara nyingi linahitaji kusogea mita 4 hadi 8 tu lifike penye udongo wa kukanyagika. Winchi hiyo ikiwa na mzigo mzito inavuta karibu mita 2 kwa dakika. Kwa hiyo mnazungumzia dakika 2 hadi 4 za kuvuta, tena kwa vipande. Betri moja nzima inaimudu kazi hiyo vizuri kabisa, na kwa mtu anayenasa mara tatu au nne kwa msimu, huu ndio ukweli wa matumizi yake yote.

Mbona basi winchi nyingi za umeme zinaonekana dhaifu hapa kwetu? Tunasema bila kuzunguka: makosa mengi yako kwenye kebo. Shaba ya milimita za mraba 35, mita 2 kwenda na mita 2 kurudi, ikipitisha ampea 400 inapoteza volti 0.8. Weka ya milimita 16 kwa urefu ule ule, unapoteza volti 1.75. Hizo volti hazipotei bure, zinakuwa moto wa wati 700 kwenye kebo, karibu sawa na pasi ya nguo. Aliyehamishia betri nyuma ya gari, halafu akarefusha kebo ile ile nyembamba, amenunua winchi ya kilo 4,300 akaifanya ya kilo 3,000.

Kipimo chake hakihitaji fundi bingwa, mita ya umeme ya kawaida inatosha. Funga waya kwenye mti, dereva akanyage breki, winchi ivute gari lililozuiwa kwa sekunde 5 tu. Mwenzako, akiwa amesimama pembeni na si mbele ya waya, asome volti juu ya nguzo za betri. Rudieni, safari hii asome kwenye boliti za winchi yenyewe. Betri ikisoma 11.4 na winchi ikasoma 9.6, volti 1.8 zimeliwa njiani. Sasa tafuteni upande. Ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri, nyingine kwenye boliti hasi ya winchi, vuta tena. Ikisoma zaidi ya nusu volti, tatizo ni asi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Mara nyingi utakuta fundi ameifunga asi kwenye bampa juu ya rangi, akitarajia umeme wa ampea 400 upite kwenye kovu la boliti moja lililoshika kutu. Asi ya winchi inarudi kwenye nguzo ya betri yenyewe, kwa kebo nene sawa na ile chanya.

Kuna kitu kingine ambacho hakipaswi kukosekana: swichi kubwa ya kukata umeme kati ya betri na winchi, mahali mkono unapofika haraka. Solenoidi, yaani swichi za umeme zinazowasha mota ya winchi, zikichoka, sahani za ndani zinaweza kushikana kwa cheche, na hapo winchi inaendelea kuvuta hata ukiachia kitufe. Waya unaingia, ndoano inagonga rola, bampa inaanza kupinda. Bila swichi utakuwa unatafuta spana namba 10 huku vitu vinakatika.

Sasa haidroliki, na hapa inabidi tutenganishe vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya. Kuna winchi inayoazima oili kwenye pampu ya stelingi ya gari lako, na kuna winchi yenye pampu yake kubwa inayoendeshwa na injini au na PTO, yaani shafti inayotoa nguvu kwenye gia boksi. Zote zinaitwa haidroliki, ila tofauti yake ni kama ya baiskeli na trekta.

Pampu ya stelingi ilitengenezwa ikusaidie kugeuza tairi, kazi ya sekunde chache. Nyingi zinatoa lita 8 hadi 12 kwa dakika, kwa presha ya PSI 1,000 hadi 1,500. Chukua lita 10 na PSI 1,200: hiyo ni kilowati 1.4, hata nguvu za farasi 2 hazijatimia. Kwa kuwa gia za winchi zinapunguza mwendo sana, nguvu hiyo ndogo inatosha kuvuta kilo nyingi, ila kwa mwendo wa kinyonga. Na mwendo huo haubadiliki sana, uwe na mzigo au usiwe nao. Ya umeme ikiwa tupu inakunja waya mita 6 hadi 10 kwa dakika, wakati hii inaweza kukuweka robo saa ukikunja mita 25, labda iwe na gia ya pili ya haraka. Unayenunua, uliza gia ya pili. Kama haina, fikiria mara mbili.

Sifa yake ya kweli ni kwamba haichoki kwa namna ile ya mota ya umeme. Mzigo ukizidi, vali ya usalama inafunguka, oili inarudi, winchi inasimama tu bila kuungua. Maji hayaidhuru. Injini ikizunguka na oili ikipoa, unaweza kuvuta saa nzima. Anayeondoa visiki shambani au kuvuta nguzo siku nzima anaielewa thamani hiyo.

Udhaifu wake mkubwa, kwa nchi yetu hii ya makorongo, ni kwamba bila injini hakuna winchi. Gari likizimika katikati ya maji, injini ikavuta maji, haidroliki imekufa pamoja nayo. Ya umeme bado inakupa dakika chache za betri, na dakika hizo ndizo zinazolitoa gari kabla maji ya juu hayajafika. Kwa anayevuka makorongo ya Chamwino na Mpwapwa wakati wa mvua, sisi tungehesabu jambo hili peke yake kuwa zito kuliko mengine yote.

Joto la oili ni la pili. Mfumo wa stelingi una oili kidogo, kopo lake dogo tu, na jua letu la Novemba linaanza kuipasha kabla hujawasha. Ukifunga winchi bila kipoza oili, baada ya dakika kadhaa za mzigo oili inakuwa nyepesi kama maji, pampu inaanza kulia, na sili za stelingi zinaanza kuvuja. Vuta kijiti cha kopo, nusa. Oili nyekundu iliyogeuka kahawia yenye harufu ya kuungua imekwisha kazi, na mara nyingi inaondoka na pampu. Tena kumbuka kwamba mpira mmoja wa oili ukipasuka hujapoteza winchi tu, umepoteza na stelingi, na kutoka Kisigo hadi barabara ya lami ukiwa na stelingi nzito ni mateso ya mabega.

Mafundi, mkishafungua mipira, hewa lazima itoke kabla ya kuvuta chochote. Inua tairi za mbele kwa jeki na uweke stendi. Jaza oili aina ile ile iliyoandikwa kwenye kifuniko. Injini ikiwa imezimwa, zungusha stelingi kutoka mwisho hadi mwisho mara 10 hadi 15, ukiongeza oili kila inaposhuka. Washa, rudia taratibu bila kushikilia mwisho. Kisha zungusha winchi bila mzigo, kutoa na kuingiza, mita 5 kila upande. Oili yenye povu bado ina hewa: zima, subiri povu litulie, anza tena. Na mipira yenyewe ikae mbali na ekzosi na isisuguane na chesi, kwa sababu barabara zetu za matuta-matuta zinatoboa mpira kwa kuusugua miezi mitatu tu. Mipira hiyo ibanwe na wanaobana mipira ya trekta na greda. Kibaigwa wapo, mjini wapo. Klipu za maji hazishiki presha hiyo hata dakika moja.

Tafadhali shikeni hili: usitafute uvujaji kwa kidole. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kama la sindano kwa presha hiyo inapenya ngozi. Inaonekana kama mchomo mdogo usiouma sana, halafu mkono unavimba na kuoza kwa ndani. Pitisha kipande cha boksi kando ya mpira, kitakuonyesha penye tundu. Aliyechomwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, aseme wazi kwamba ni oili ya presha, asikubali kupakwa dawa na kurudi nyumbani.

Haidroliki yenye pampu yake ni habari nyingine kabisa. Pampu ya lita 40 kwa dakika kwa PSI 2,000 inakupa kilowati 9. Hiyo ndiyo ya magari ya kuvuta magari, ya wachimba visima na ya wanaosimika nguzo. Inadai tangi lake la lita 40 na zaidi, kichujio, kipoza na nafasi. Kwa Hilux ya familia ni mzigo usio na sababu.

Kabla ya kulipa, fungua boneti. Gari lenye stelingi ya umeme halina pampu wala kopo la oili, kwa hiyo haidroliki ya kuazima haiwezekani hata ukishawishiwa vipi dukani. Angalia pia volti. Baadhi ya Land Cruiser za zamani zilizotoka Japani zina betri mbili, stata inakula volti 24 wakati gari lingine lote ni la volti 12. Fundi asiyejua anaweza kuunga winchi ya volti 12 mahali pa 24, na mota inaungua kwa mvuto wa kwanza. Pima kwa mita, usihesabu betri kwa macho.

Ukubwa nao uchaguliwe kwa uzito wa gari likiwa limejaa: zidisha mara moja na nusu. Land Cruiser pikapu yenye mzigo na watu inafika kilo 3,200, mara moja na nusu ni 4,800, kwa hiyo winchi ya paundi 12,000, yaani kilo 5,440, ndiyo saizi yake. Namba iliyoandikwa ni ya tabaka la kwanza la waya juu ya ngoma. Kila tabaka linaloongezeka linapunguza mvuto, na kwenye tabaka la nne umebakiwa na kama theluthi mbili. Kwa hiyo nanga ya mbali ni bora kuliko ya karibu, ili waya mwingi uwe umetoka, ila isipungue mizunguko 5 iliyobaki kwenye ngoma kwa waya wa chuma, na 8 au zaidi kwa kamba za sintetiki zile ngumu za kisasa.

Wanajeshi wanaookoa magari wana kipimo rahisi. Tope likifika usawa wa tairi, uzani wa kuvuta ni sawa na uzito wa gari. Likifika kwenye madigadi, ni mara mbili. Likifika kwenye kabini, mara tatu. Gari la kilo 3,000 lililozama hadi madigadi linadai kilo 6,000, na hakuna winchi ya kawaida ya bampa itakayolitoa kwa waya mmoja, iwe ya umeme au ya oili. Hapo ndipo kapi linapoingia: waya unatoka winchi, unazunguka kapi lililofungwa kwenye nanga, unarudi kwenye ndoano ya chesi ya gari lako. Mvuto unakaribia kuwa mara mbili, mwendo unakuwa nusu, na kwa winchi ya umeme ampea zinashuka kiasi kwamba betri na mota zinapumua. Sisi tungependa kuona mtu ana winchi ya umeme ya wastani na kapi zuri, kuliko winchi kubwa ya haidroliki bila kapi. Na beleshi lisisahaulike. Udongo wa mbuga unanyonya, kwa hiyo kuchimba mbele ya tairi na kupitisha hewa chini ya bodi kunapunguza kilo nyingi kwa jasho la dakika 20. Kwenye mchanga wa korongo, shusha upepo wa tairi kutoka PSI 35 hadi 16 kwanza, mara nyingi winchi haitahitajika.

Nanga huku kwetu ni tatizo la peke yake. Mgunga uliokomaa unafaa, ukifungwa chini kabisa ya shina kwa mkanda mpana, siyo waya mtupu unaokata gome. Mbuyu unafaa zaidi, ila mkanda wa mita 3 hauuzunguki, beba wa mita 10 au unganisha. Katikati ya mbuga ya Bahi hakuna mti. Pale unazika tairi la akiba: chimba shimo la kina cha mita 1, ukuta wa upande wa gari uwe wima, tairi isimame ikiegemea ukuta huo, mkanda uzungushwe katikati yake, na mfereji mwembamba wa mkanda uchimbwe ukipanda taratibu kuelekea gari. Mvuto ukitoka juu kwa mshazari mkali, tairi linang'oka kama muhogo.

Kwa hiyo, mkituuliza: gari la shambani, la ofisi, la kwenda Itigi na Kisigo, linalonasa mara chache kwa msimu, funga umeme, kebo ya milimita 35, swichi ya kukata, kapi, na betri ya pili kama pesa inaruhusu. Fundi wa stata yeyote atakuhudumia, kwa sababu mota ya winchi na stata ni ndugu: kaboni zile zile zinazopeleka umeme ndani ya mota, solenoidi za aina ile ile. Gari ambalo kuvuta ndiyo ajira yake, funga haidroliki yenye pampu yake na tangi lake. Ile ya kuazima pampu ya stelingi tunampendekezea mtu mmoja tu: anayevuta muda mrefu, taratibu, mahali pakavu, na ambaye yuko tayari kufunga kipoza.

Winchi ya umeme huku inauawa zaidi na kukaa kuliko na kazi. Kuanzia Mei hadi Novemba haiguswi, vumbi letu jembamba linaingia kwenye boksi la solenoidi, kaboni zinagandamana kwenye nafasi zake, na Desemba mwenye gari anabonyeza kitufe anasikia "tak" tu. Mara moja kwa mwezi toa waya wote hadi mizunguko 5, ukunje tena ukiwa na mzigo mdogo, gari likijivuta polepole kwenye mwinuko. Dakika 10 zinatosha. Kamba ya sintetiki ioshwe kwa maji safi ikiwa imefunguliwa yote, kwa sababu mchanga unaoingia ndani ya nyuzi unazikata pole pole bila kuonekana kwa nje.

Wakati wa kuvuta, koti zito au gunia lenye udongo lilale katikati ya waya, ili ukikatika ushuke chini badala ya kuruka. Watu wasimame mbali zaidi ya urefu wa waya uliotoka. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara, hata kama mwenye gari ni mkubwa wake.

Sasa tutoke nje. Wenye winchi za umeme wapaki mbele ya mgunga ule, mita ipo, tutapima asi gari moja baada ya jingine. Wenye haidroliki wabaki upande wa kivuli na wafungue vifuniko vya makopo ya oili kabla hawajawasha injini, tuinuse.